FPL na Milioni 100: Jinsi ya Kupanga Timu Kali Ukiwa Balambala na Neti ni ya Kubahatisha

Kitu poa zaidi kuhusu Fantasy Premier League, ile sisi wote tunaita FPL, ni hii: msee wa Kilimani mwenye Wi-Fi ya nyumba nzima na wewe uliyesimama juu ya jiwe hapo Balambala ukitafutia simu neti, mnapewa doh sawa. Pauni milioni 100 kila mtu. Hakuna wa kuongezewa kwa sababu babake anajua watu. Na kujisajili ni bure. Msimu wa 2024/25 timu zilizosajiliwa zilipita milioni 11 dunia nzima, na zote zilianza na hiyo hiyo mia.

Sasa mbona kuna yule beshte wako mmoja anayewachapa kila mwaka? Si ati anajua mpira kukushinda. Anajua kutumia pesa. Wewe unanunua majina, yeye ananunua dakika na pointi. Hii makala ni ya kukuonyesha hiyo tofauti, na itagusa bajeti zako zote mbili: zile milioni za kwenye apu, na zile bob chache za bando zilizo kwa laini yako.

Sheria za pesa, haraka haraka

Unanunua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na mastraika 3. Klabu moja hutoi zaidi ya watatu, kwa hivyo wewe shabiki wa Arsenal, punguza mapenzi. Wanaoanza ni 11, wanne wanakaa benchi, na nahodha wako anahesabiwa pointi mara mbili.

Mchezaji akiingia uwanjani anapata pointi 1, akifika dakika 60 anakuwa na 2. Straika akifunga ni 4, kiungo ni 5, beki ni 6. Kutoa pasi ya goli ni 3 kwa kila mtu. Kipa na beki timu yao ikimaliza bila kufungwa wanapata 4 kila mmoja, kiungo anapewa 1. Halafu kuna bonasi ya 1 hadi 3 kwa waliong'ara kwenye mechi. Kadi ya njano inakutoa 1, nyekundu 3, na kukosa penalti 2.

Soma hizo namba tena, kwa sababu kuna kitu hapo wengi hupitia juu juu. Goli la kiungo lina pointi nyingi kuliko la straika. Kwa hivyo mtu aliyeandikwa kiungo kwenye apu lakini uwanjani anacheza kama winga au straika wa pili, huyo ni dhahabu. Salah ameishi kwa hiyo siri miaka yote: ameandikwa kiungo, anafunga kama straika. Msimu wa 2024/25 alimaliza na pointi 344, rekodi ya msimu mmoja tangu FPL ianze 2002/03.

Bei inapanda na kushuka kama soko la mbuzi

Kama umewahi kusimama pale soko la mifugo la Garissa, hii sehemu utaielewa haraka kuliko msee wa Nairobi. Bei ya mchezaji haipangwi na mpira wake tu. Inapangwa na watu. Wakimkimbilia wengi, inapanda kwa 0.1. Wakimkimbia, inashuka. Mabadiliko hufanyika usiku, huku kwetu ikikaribia alfajiri, kwa hivyo unalala mchezaji akiwa 6.0 unaamka yuko 6.1 na hesabu yako imekataa.

Lakini kuna mtego kwenye kuuza, na ndio unakula wageni. Faida unapewa nusu tu, na nusu yenyewe inakatwa kuelekea chini. Umemnunua kwa 5.0, akapanda hadi 5.2, ukimuuza unapata 5.1. Akifika 5.3, bado ni 5.1. Hasara nayo haigawanywi: akishuka hadi 4.8 unauza kwa 4.8, hiyo yote ni yako. Hata dalali wa mbuzi ana huruma kidogo kuliko hapo.

Maana yake ni nini? Usikimbilie mchezaji Jumapili usiku kwa sababu tu bei itapanda. Umeokoa 0.1, halafu Jumanne anaumia mazoezini, na sasa umechoma transfa ya bure. Bei ni ya kuchezea ukiwa tayari umeamua kumtaka mtu na umebakisha mechi chache za katikati ya wiki. Mbuzi aliyenona baada ya mvua anapendeza kila mtu. Mnunuzi mwerevu anaangalia atakuwaje kiangazi, yaani mechi tano zijazo, sio goli mbili za jana.

Hesabu ya mabazenga wawili

Hapa ndio mbogi nyingi huanguka kabla ligi haijaanza. Mwanzo wa msimu wa 2025/26 Salah aliwekwa 14.5 na Haaland 14.0. Kila mtu alitaka wote wawili. Fiti, tuhesabu: 14.5 na 14.0 ni 28.5. Unabaki na 71.5 ya kununua watu 13. Gawanya, ni 5.5 kila mmoja. Mimi chuo sikumaliza, lakini hiyo ya kugawa nilibeba nikatoka nayo. 5.5 ni bei ya kiungo wa kawaida anayecheza katikati na kupiga pasi za kurudi nyuma. Sasa unao watu 13 wa aina hiyo na mabazenga wawili, na wiki ambayo bazenga mmoja amekaushwa, timu yako yote imekauka.

Ukichukua bazenga mmoja tu, Haaland, unabaki na 86.0 ya watu 14. Hiyo ni zaidi kidogo ya 6.1 kila mmoja. Inaonekana tofauti ndogo, lakini si ndogo, kwa sababu pesa haigawanywi sawa. Wale wa benchi unawanunua bei ya chini kabisa: kipa wa pili 4.0, mabeki wawili wa 4.0 kila mmoja, na kiungo au straika wa 4.5. Jumla 16.5. Toa hiyo kwenye 86, inabaki 69.5 ya watu 10 wanaoanza pamoja na Haaland. Karibu 7.0 kila mtu. Hapo umeingia kwenye duka la wachezaji wa maana.

Sisemi bazenga hana faida, kuna wasee husoma hesabu ya pointi kwa kila milioni halafu wanapotea. Angalia: Cole Palmer msimu wa 2023/24 alianza akiwa 5.0, akamaliza kinara wa FPL nzima na pointi 244. Hiyo ni karibu pointi 49 kwa kila milioni. Salah wa 2024/25 alianza 12.5, akaleta 344, zaidi ya 27 kwa kila milioni. Kwa hiyo hesabu Palmer ni mali zaidi, na ni kweli kwa bei. Lakini wanaoanza ni 11 tu, na nahodha ni mmoja tu. Salah wa mwaka ule alikuwa na wastani wa pointi 9 kwa wiki, na ukimpa utepe ni 18. Hakuna mchezaji wa 5.0 anakuletea 18 kila wiki. Kwa hivyo mpango ni huu: bazenga mmoja ambaye utampa unahodha wiki nyingi, na Palmer wa mwaka huu umtafute mwenyewe.

Palmer wa mwaka huu anatoka wapi

Kila msimu anatokea. Hii sio bahati nasibu, ukiangalia waliotokea zamani wanafanana.

Palmer mwenyewe aliondoka Manchester City siku ya mwisho ya usajili, Septemba 2023, akaenda Chelsea. City alikuwa wa benchi, ndio maana bei ilikuwa 5.0. Chelsea akapewa namba, halafu akapewa penalti. Katika goli zake 22 za ligi msimu ule, 9 zilikuwa penalti. Wasee waliomnunua siku alipochukua penalti ya kwanza walikula msimu mzima. Waliongoja "athibitishe" walimnunua ghali.

Rudi nyuma, 2015/16, Leicester ya maajabu. Riyad Mahrez alianza 5.5 akaleta pointi 240. Jamie Vardy alianza 6.0 akaleta 211. Watu wawili kwa 11.5, bei ya mtu mmoja. Bei ilikuwa hiyo kwa sababu Leicester msimu uliotangulia walikuwa wamenusurika kushuka daraja. Na walianza kuonyesha mapema: Mahrez alifunga mara mbili siku ya kwanza kabisa ya ligi.

2019/20, John Lundstram wa Sheffield United. Aliwekwa 4.0, bei ya chini kuliko zote, na ameandikwa beki. Uwanjani alikuwa anacheza kiungo. Goli moja likimpa pointi 6, na timu yenyewe ilikuwa haifungwi ovyo. Mtu wa 4.0 aliyekuwa anaanza kila wiki! Nusu ya dunia ilikuwa naye.

Na 2024/25, Chris Wood wa Nottingham Forest, mzee wa miaka 32 wakati ligi inaanza, 6.0 tu, akafunga 20. Bryan Mbeumo akiwa Brentford alianza 7.0, naye akafunga 20. Ivan Toney alikuwa ameondoka kwenda Saudi Arabia, na penalti za Brentford zikabaki kwa Mbeumo.

Unaona mfano? Kuna mtu ameondoka na kuacha penalti. Kuna mtu amehama kutoka benchi ya timu kubwa hadi kuanza timu nyingine. Kuna mtu apu imemwandika nafasi isiyo yake. Kuna timu ambayo FPL imeipangia bei kwa kuangalia msimu uliopita. Hayo manne uyaangalie kwenye mechi za Agosti, na hauhitaji kuona mechi yenyewe. Kuangalia nani alipiga penalti na nani alicheza dakika 90 ni ukurasa mmoja wa maandishi, hata bando ya mwisho mwisho inafungua.

Mabeki wa bei rahisi wamepanda cheo

Kitambo, beki wa timu ndogo alikuwa wa kujaza nafasi tu. Timu ikifungwa goli mbili anakatwa pointi moja, umebaki na moja na stress. Msimu wa 2025/26 sheria ikabadilika: beki akifikisha jumla ya 10 ya kuondoa mpira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya, anapata pointi 2 za ziada. Kiungo na straika wanahitaji 12, lakini wao wanahesabiwa pia mipira waliyookota.

Fikiria nani anaondoa mpira mara nyingi. Si beki wa timu inayomiliki mpira asilimia 70. Ni yule beki wa kati wa timu inayoshambuliwa dakika 90, anarukia kila krosi kwa kichwa. Watu kama James Tarkowski wa Everton. Timu yake inaweza kufungwa moja bila na yeye bado ana 4. Kwa bajeti ndogo hii ni zawadi, kwa sababu mabeki wa namna hiyo mara nyingi wako 4.5 au 5.0. Angalia tu awe beki wa kati. Mabeki wa pembeni hizo kumi hawafikishi mara nyingi, hao unawanunulia krosi na pasi za goli.

Upande wa viungo, wanaonufaika ni wale wa kufagia kama Moisés Caicedo na Declan Rice. Yaani sheria hii ingekuwepo enzi za Victor Wanyama akiwa Southampton na Spurs, Mkenya wa kwanza kucheza Premier League angekuwa kwenye kila timu kuanzia Sankuri hadi Saka. Na tukitaja Saka, ukiambiwa kwenye grupu "nunua Saka", ni Bukayo wa Arsenal, sio wodi yenu. Hiyo mzaha naijua ishachezwa, lakini sikuweza kuiacha.

Mfano wa kugawa mia

Sikupi majina hapa, majina yanaoza wiki mbili. Nakupa bei, na wewe ujaze. Makipa 5.0 na 4.0. Mabeki 6.0, 5.5, 4.5, 4.5 na 4.0. Viungo 10.5, 8.0, 7.0, 6.5 na 5.5. Mastraika 14.0, 9.0 na 5.5. Jumla ni 99.5 na nusu milioni imebaki benki. Unaanza na mabeki watatu, viungo watano, mastraika wawili.

Hiyo 0.5 ya benki usiidharau. Ndiyo inakuwezesha kubadilisha kiungo wa 6.5 kuwa wa 7.0 bila kugusa mtu mwingine. Msee ambaye ametumia hadi senti ya mwisho, kila akitaka mtu mmoja inabidi auze wawili.

Benchi ndio watu hubishana. Wengine wanasema weka wafu wote wanne, bora bei iwe chini. Mimi nakataa nusu. Kipa wa pili sawa, hata asicheze. Lakini kwenye wale watatu wengine, angalau mmoja, na ikiwezekana wawili, wawe wanaanza mechi kwa klabu zao. Mchezaji wako asipoingia kabisa uwanjani, apu inamwingiza wa benchi kwa mpangilio uliouweka, lakini kama wa benchi naye hachezi, unapata sufuri. Kwa mtu wa Balambala hii ni muhimu mara mbili. Msee wa mjini anaona habari ya majeruhi dakika kumi kabla ya dedilaini na anabadilisha. Wewe labda uko njiani kuelekea Garissa mjini, au uko na mifugo na simu imezima. Benchi inayocheza ndiyo bima yako.

Kipa wa 4.0 anayeanza pia hutokea, tafuta timu zilizopanda daraja. Mwanzo wa 2025/26 Martin Dúbravka wa Burnley alikuwa 4.0 na ndiye kipa namba moja. Matz Sels wa Forest mwaka uliotangulia alikuwa bei ya chini tu na akamaliza msimu akigawana tuzo ya glavu za dhahabu na David Raya, mechi 13 kila mmoja bila kufungwa. Pesa nyingi kwa kipa ni pesa iliyolala.

Transfa, na ugonjwa wa kuhangaika

Kila wiki unapewa transfa moja ya bure. Usipoitumia inawekwa, na tangu 2024/25 unaweza kuweka hadi tano. Ukizidisha, kila moja ya ziada inakukata pointi 4.

Nne ni nyingi kuliko inavyosikika. Mchezaji unayemtoa, hata asifanye kitu, akicheza ana 2. Kwa hivyo unayemleta inabidi apate zaidi ya 6 wiki hiyo ndio uone faida. Kulipa nne kumtoa aliyeumia na kuleta mtu wa mechi rahisi tano, sawa, inaeleweka. Kulipa nane Ijumaa usiku kwa sababu umeona skrinishoti ya mtu Twitter, hapana.

Kwa bajeti ndogo, kukusanya transfa ni kama kuwa na pesa zaidi. Ukiwa na tatu kwa mkono unaweza kumuuza bazenga, ukagawa zile milioni kwa watu wawili, na kubadilisha umbo la timu yote bila kukatwa. Mwenye moja tu hawezi.

Kisha kuna vile vitufe vinne. Wildcard inakuruhusu kubadilisha timu nzima bure na mabadiliko yanabaki. Free Hit inabadilisha kwa wiki moja tu, halafu timu yako ya zamani inarudi. Bench Boost inahesabu pointi za benchi. Triple Captain inampa nahodha mara tatu. Tangu 2025/26 unapewa kila moja mbili, moja ya nusu ya kwanza ya msimu na nyingine ya nusu ya pili, na za kwanza usipozitumia zinachomeka. Ushauri mfupi: ukiwa na benchi ya bei rahisi usipoteze Bench Boost wiki ya kawaida. Ngoja wiki ambayo klabu kadhaa zinacheza mara mbili, tumia Wildcard kabla yake kupanga benchi inayocheza, ndio ubonyeze. Triple Captain mpe bazenga akiwa nyumbani dhidi ya timu dhaifu. Waliopanda daraja 2023 walishuka wote watatu, na waliopanda 2024 wakafanya vivyo hivyo, kwa hivyo unajua pa kuanza kutafuta. Ila usifanye iwe dini, hakuna sheria inayosema waliopanda lazima wafe kila mwaka.

Bajeti ya bando

FPL haili data kama TikTok. Kinachokula data ni video za uchambuzi, na video nyingi za FPL ni dakika 20 za mtu akirudia kitu ambacho kingeandikwa mistari mitatu. Makocha wa Premier League huongea na wanahabari kabla ya mechi, mara nyingi Alhamisi na Ijumaa, na hapo ndipo majeruhi hutajwa. Soma maandishi. Kwenye apu mchezaji mwenye alama ya njano ana shaka, na ameandikiwa asilimia ngapi atacheza. Mwekundu hachezi. Hiyo peke yake inakutosha wiki nyingi.

Panga hivi: Alhamisi usiku fungua timu, weka nahodha, weka makamu wake, panga benchi, hifadhi. Hata kama hujamaliza kufikiria. Neti ikirudi Ijumaa utabadilisha, isiporudi timu iko salama. Na ukikosa kabisa, timu ya wiki iliyopita ndiyo itacheza na transfa yako itawekwa, hujapoteza mchezo. Makamu wa nahodha mchague wa klabu na mechi tofauti, kwa sababu anachukua utepe nahodha asipocheza hata dakika moja.

Ligi ya mbogi na swali la pesa

FPL yenyewe haichukui doh yako. Ligi za mabeshte ndizo huweka. Watu 20, kila mmoja 500, hiyo ni 10,000 imekaa kwa M-Pesa ya mtu mmoja kuanzia Agosti hadi Mei. Miezi tisa! Kuna mtu amewahi kukaa na elfu kumi ya wenyewe miezi tisa na isiguswe? Kama lazima muweke, gawanyeni malipo ya kila mwezi ili pesa isilale, na watu wawili waijue ilipo. Muandike sheria kabla wiki ya kwanza: mkifungana pointi nani anashinda, anayejiunga Oktoba anahesabiwaje. Mwenye ligi anaweza kuweka ianze kuhesabu kutoka wiki anayotaka, kwa hivyo waliochelewa wanaweza kuwa na ligi yao.

Na sehemu kubwa ya Balambala hili si swali la uaminifu pekee, ni la kamari. Kila mtu atoe, mmoja achukue, masheikh wengi wana neno juu ya hilo, na wa kuulizwa ni sheikh wako, mimi ni mwandishi wa burudani. Ninachojua ni kwamba ligi inaweza kuwa nare bila hata bob. Wa mwisho abadilishiwe jina la timu na mshindi, msimu mzima. Nimeona watu wakipigania hilo kuliko elfu tano. Na yule wa Telegram anayekuambia umlipe, au umpe nywila yako, akuchezee timu? Hiyo ni kunyolewa mchana. Hakuna habari anayo ambayo huna.

Saa ya dedilaini, na mwezi wa Machi

Dedilaini ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya kwanza ikiwa ile ya Jumamosi saa sita na nusu mchana ya Uingereza, huku kwetu dedilaini ni saa saba mchana kuanzia Agosti hadi Oktoba. Ikiwa kuna mechi ya Ijumaa saa mbili usiku ya kwao, dedilaini kwetu ni saa mbili na nusu usiku.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa nyuma, sisi hatugusi kitu. Ghafla dedilaini ya Jumamosi inakuwa saa nane, ya Ijumaa saa tatu na nusu. Umeongezewa saa nzima na unazoea. Hatari iko Jumapili ya mwisho ya Machi, wanapoirudisha ilivyokuwa: dedilaini inaruka nyuma saa moja, na wewe bado uko kwenye hesabu ya majira ya baridi. Kila Aprili kuna watu kwenye kila ligi wanafungua apu saa saba na nusu Jumamosi wakiwa na transfa tatu tayari, na kufuli imeshafungwa. Angalia saa iliyo kwenye apu yenyewe, inasoma saa ya simu yako. Na kama simu yako saa yake iko mbele au nyuma kwa sababu uliirekebisha kwa mkono siku neti ilipotea, irudishe kwanza.